KOEBERG: MOTO WA ATOMU NA HESABU YA MIAKA

Kilomita 30 hivi kaskazini ya mji wa Cape Town, mahali ambapo mchanga mweupe unakutana na maji baridi ya Bahari ya Atlantiki, yamesimama majengo mawili ya zege yenye umbo la pipa lililofunikwa kwa kuba. Hakuna dohani inayotoa moshi wala lundo la makaa ya mawe. Kuyazunguka kuna hifadhi ya vichaka ya hekta 3,000 hivi, ambamo pundamilia na swala hulisha kwa utulivu. Mgeni asiyeambiwa angeweza kupita na kudhani kuwa ni maghala ya nafaka. Kumbe ndani ya kila jengo mna kinu cha atomu, na vinu hivyo viwili kwa pamoja huweza kuipa gridi ya Afrika ya Kusini umeme wa megawati 1,860 hivi.

Hiki ndicho kituo cha nguvu za nyuklia cha Koeberg. Kinu cha kwanza kiliunganishwa na gridi mwezi Aprili 1984, na cha pili mwezi Julai 1985. Hadi mwaka 2025 kilikuwa kituo cha pekee cha aina yake kinachotoa umeme katika bara zima la Afrika. Na kwa sehemu kubwa ya maisha yake, wakuu wa nchi hiyo wamekuwa wakipanga kukijengea wenzake. Mipango imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa upya. Mabilioni ya fedha yametumika. Mahakama zimetoa hukumu. Hata hivyo, miaka 40 baada ya kinu cha pili kuwashwa, hakuna hata kinu kimoja kilichoongezwa.

Kwa nini taifa lenye wahandisi hodari, lililokwisha kujua kupata umeme kutokana na atomu, lishindwe kwa muda mrefu hivyo kurudia kazi liliyoifanya zamani? Jibu halimo katika fizikia ya atomu peke yake. Limo zaidi katika hesabu ya miaka: muda wa kujenga, muda wa kulipa deni, muda wa kukitunza kinu, na muda wa kuyalinda mabaki yake. Lakini hesabu hiyo haieleweki mpaka mtu aingie kwanza ndani ya kinu chenyewe.

KWA NINI PALE UFUKONI

Afrika ya Kusini ni nchi ya makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na makaa hayo, na migodi yake mikuu iko kaskazini-mashariki, katika eneo liitwalo leo Mpumalanga. Kutoka huko hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 1,000. Kuyasafirisha makaa kwa reli umbali huo ni ghali, na kuupeleka umeme kwa nyaya ndefu kiasi hicho huupunguza njiani. Kwa hiyo walioitafutia Rasi umeme wake walitamani chanzo ambacho mafuta yake ni machache kwa uzito na ambacho kingeweza kuwekwa karibu na watumiaji.

Mwaka 1976 mkataba wa ujenzi ulitiwa saini na makampuni ya Ufaransa. Mahali palipochaguliwa, Duynefontein, palikuwa na maji baridi ya bahari yasiyokwisha. Palikuwa pia na dosari moja: eneo lile si salama kabisa kwa matetemeko ya ardhi. Tarehe 4 Desemba 1809 Cape Town ilitikiswa vikali, na tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko jingine lilibomoa nyumba na kuua watu katika miji ya Tulbagh na Ceres. Kwa sababu hiyo vinu vya Koeberg havikusimamishwa moja kwa moja juu ya ardhi. Viliwekwa juu ya bamba kubwa mno la zege, nalo likawekwa juu ya nguzo fupi nyingi zenye pedi za mpira na mabati ya kuteleza. Ardhi ikitikisika, pedi hizo hupunguza mtikisiko kabla haujafika kwenye kinu, kama vile springi za gari zinavyompunguzia abiria mashimo ya barabara.

Ujenzi ulifanyika wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, nao haukuepukana na siasa za wakati huo. Mwezi Desemba 1982, kabla vinu havijatiwa mafuta, wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walilipua mabomu manne ndani ya kituo. Hakuna aliyeumia na hakuna mionzi iliyovuja, lakini kazi ilicheleweshwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

NDANI YA KINU

Mafuta ya Koeberg ni urani. Urani inayochimbwa ardhini ni mchanganyiko wa isotopi, na ile inayopasuka kwa urahisi, yaani urani-235, ni asilimia 0.7 tu ya mchanganyiko huo. Kiwandani urani hurutubishwa hadi sehemu hiyo ifikie asilimia 4 hivi. Kisha hufinyangwa kuwa vidonge vidogo na kupangwa ndani ya fito nyembamba za aloi ya zirkoni zenye urefu wa mita 4 hivi. Fito 264 hufanya fungu moja, na kila kinu kina mafungu 157. Kwa hiyo ndani ya kinu kimoja mna fito zaidi ya 41,000.

Neutroni moja inapokigonga kiini cha urani-235, kiini hicho hupasuka vipande viwili, kikatoa joto pamoja na neutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo huweza kupasua viini vingine, na mmenyuko ukaendelea kwa mfuatano. Gramu moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto linalolingana na la tani 3 hivi za makaa ya mawe yaliyo bora. Hapo ndipo ilipo siri ya nguvu hizi: mafuta ya kuuangaza mji mzima kwa mwaka mmoja na zaidi huweza kuletwa kwa malori machache.

Neutroni zinazotoka katika mpasuko huenda kasi mno, na zikiwa na kasi hiyo si rahisi kukipasua kiini kingine. Maji yaliyo katikati ya fito huzipunguzia kasi, kwa kuwa neutroni inapogonga kiini cha haidrojeni ni kama gololi inayogonga gololi ya uzito sawa nayo: hupoteza sehemu kubwa ya mwendo wake. Maji hayohayo huondoa joto. Yakitoweka, mmenyuko wa mfuatano hufifia wenyewe. Vijiti maalumu vinavyomeza neutroni huteremshwa kati ya fito ili kukizima kinu, na boroni iliyoyeyushwa katika maji hurekebisha nguvu yake siku kwa siku.

Wanafunzi wengi huuliza kama kinu cha namna hii kinaweza kulipuka kama bomu la atomu. Hakiwezi. Bomu huhitaji urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu sana. Ile ya asilimia 4 haiwezi kufanya mlipuko wa aina hiyo. Afrika ya Kusini iliwahi kuunda mabomu sita kwa siri, lakini kwa urani iliyorutubishwa mahali pengine, si kwa mafuta ya Koeberg. Mabomu hayo yalivunjwa, nchi ikajiunga mwaka 1991 na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na habari zake zikatangazwa hadharani mwaka 1993.

Joto la kinu hupita katika mizunguko mitatu ya maji isiyochanganyika. Katika mzunguko wa kwanza maji hupita kati ya fito na kufikia halijoto ya zaidi ya nyuzi 300 za Sentigredi. Hata hivyo hayachemki, kwa sababu yamebanwa kwa kanieneo inayozidi mara 150 ile ya hewa ya kawaida. Maji hayo huingia katika mabwela matatu, yaani vyombo virefu vya chuma vyenye maelfu ya mabomba membamba, na humo huyachemsha maji ya mzunguko wa pili. Mvuke unaopatikana huizungusha turbini mara 1,500 kwa dakika, nayo turbini huizungusha jenereta. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hupozwa na mzunguko wa tatu, ambao ni maji ya bahari, ukarudi kuwa maji.

Hapa mwalimu anaweza kulipa darasa lake hesabu nzuri. Kila kinu cha Koeberg hutoa joto la megawati 2,775 hivi, lakini umeme unaopatikana jeneretani ni megawati 970 hivi. Zaidi ya nusu, yaani megawati 1,800, hutupwa baharini. Vinu vyote viwili hupitisha tani 80 hivi za maji ya bahari kila sekunde, yaani tani 40 kwa kila kimoja. Megawati 1,800 ni sawa na kilojuli 1,800,000 kwa sekunde. Zikigawanywa kwa kilogramu 40,000, kila kilogramu ya maji hupata kilojuli 45. Kwa kuwa kilogramu moja ya maji ya bahari huhitaji kilojuli 4 hivi kupanda nyuzi moja, maji hayo hurudi baharini yakiwa na joto zaidi kwa nyuzi 11 hivi.

MOTO USIOZIMIKA MARA MOJA

Moto wa kuni hukoma ukiondolewa kuni. Moto wa makaa hukoma ukinyimwa hewa. Moto wa atomu una tabia nyingine, na tabia hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila shaka na karibu kila gharama ya nguvu za nyuklia.

Vijiti vya kudhibiti vikiteremshwa, mpasuko wa viini husimama kwa muda wa sekunde chache. Lakini vile vipande vilivyotokana na mpasuko vyenyewe si tulivu. Huendelea kutoa mionzi, na mionzi huendelea kutoa joto. Mara tu kinu kinapozimwa, joto hilo huwa kiasi cha asilimia 6 au 7 ya nguvu kamili. Kwa kinu cha Koeberg ni karibu megawati 180. Baada ya siku moja hushuka hadi nusu ya asilimia hivi, yaani megawati 14. Idadi hiyo huonekana ndogo, lakini inatosha kugeuza ndoo ya maji ya lita 20 kuwa mvuke kila baada ya sekunde 4, usiku na mchana. Mtu asipoleta maji mengine, fito hukauka, zikapasuka na kuyeyuka.

Ndivyo ilivyotokea Fukushima nchini Japani tarehe 11 Machi 2011. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimika vyenyewe tetemeko lilipotokea, kama vilivyokusudiwa. Baadaye mawimbi makubwa ya bahari yaliharibu mitambo ya umeme wa dharura, pampu zikasimama, na vinu vitatu vilivyokwisha kuzimwa vikayeyuka kwa joto la mabaki.

Kwa hiyo kituo cha nyuklia si mashine ambayo mtu huweza kuizima, kufunga mlango na kwenda zake. Lazima kiwe na pampu za akiba, na akiba ya zile za akiba. Mitambo ya dizeli ya dharura. Kuta nene za zege. Na watu waliofunzwa walio zamu saa 24. Kuzunguka Koeberg yamewekwa maeneo mawili ya tahadhari, moja la kilomita 5 na jingine la kilomita 16, yenye mipango ya kuwahamisha wakazi ikihitajika. Yote hayo hulipiwa hata siku ambayo kituo hakitoi hata wati moja.

BOLITI MOJA

Siku ya Krismasi ya mwaka 2005, jenereta ya kinu cha kwanza cha Koeberg iliharibika vibaya. Kilichoiharibu hakikuwa atomu wala mionzi. Kilikuwa ni boliti moja iliyobaki ndani ya jenereta hiyo. Kinu chenyewe kilikuwa salama, lakini bila jenereta hapakuwa na umeme. Rota, ile sehemu kubwa ya jenereta inayozunguka, ilibidi iletwe nyingine kwa meli kutoka Ufaransa. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2006, Cape Town na sehemu zinazoizunguka ziliingia katika mgawo wa umeme: viwanda vikasimama, taa za barabarani zikazimika, na wenye maduka wakatupa vyakula vilivyoharibika.

Tukio hilo linafunza jambo la hisabati. Gridi yenye mashine 50 ndogo ikipoteza moja, hupoteza sehemu ya hamsini ya nguvu yake. Eneo linalotegemea mashine mbili kubwa likipoteza moja, hupoteza nusu. Waliotaka Koeberg ipanuliwe waliona hapo hoja yao: vinu viwili havitoshi, havina wa kuvishikia zamu. Waliopinga nao waliona hoja yao: mashine kubwa mno ni hatari kwa sababu ya ukubwa wake, na kuongeza nyingine za namna hiyo ni kuongeza utegemezi. Boliti ilikuwa moja. Mafunzo yakawa mawili.

MIPANGO ILIYOZALIWA NA KUFA

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kitaalamu hasa. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika ya Kusini walifanyia kazi kinu cha vitufe: badala ya fito, urani ingewekwa ndani ya maelfu ya vitufe vya grafiti, kila kimoja chenye ukubwa wa mpira wa tenisi, na joto lingeondolewa na gesi ya heli badala ya maji. Kinu cha kwanza cha majaribio, cha megawati 165, kilikusudiwa kujengwa hapohapo Koeberg. Wazo lilikuwa zuri na wasomi wengi waliajiriwa. Lakini tarehe zilisogezwa na gharama zikapanda, wala hakupatikana mnunuzi. Mwaka 2010 serikali iliacha kuutolea fedha, zaidi ya randi bilioni 9 zikiwa zimekwisha kutumika, na hapakuwa na kinu kilichojengwa.

Mpango wa pili ulikuwa wa kununua vinu vikubwa vilivyokwisha kubuniwa ng'ambo. Shirika la umeme la nchi hiyo, Eskom, lilialika makampuni kuleta zabuni. Mwezi Desemba 2008, dunia ikiwa katika msukosuko wa fedha, shirika hilo lilifuta zabuni kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake.

Mpango wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko yote: megawati 9,600 za nyuklia, mara tano ya Koeberg. Mwaka 2014 serikali ilitia saini makubaliano na Urusi. Mashirika mawili ya kiraia, moja la mazingira na jingine la jumuiya za kidini, yaliupeleka mpango huo mahakamani. Tarehe 26 Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape iliyatangua makubaliano na maamuzi yaliyoambatana nayo. Mahakama haikuhukumu kwamba nyuklia ni mbaya. Ilihukumu kwamba utaratibu wa sheria, pamoja na haki ya wananchi na bunge ya kushirikishwa, haukufuatwa.

Hata hivyo mbegu moja haikufa. Mwezi Oktoba 2017 serikali ilitoa kibali cha mazingira cha kujenga kituo kipya cha hadi megawati 4,000 huko Duynefontein, kando ya Koeberg. Rufaa zikakatwa, na miaka ikapita. Mwezi Agosti 2025 waziri wa mazingira alizikataa rufaa hizo na kukithibitisha kibali. Mwezi Oktoba mwaka huohuo baraza la mawaziri lilipitisha mpango mpya wa umeme wa taifa, ambao unahesabu megawati 5,200 za nyuklia mpya ifikapo mwaka 2039. Kibali cha mazingira, hata hivyo, si leseni ya kinu, na mpango si fedha.

HESABU YA RIBA

Kinu kikishajengwa, mafuta yake ni rahisi. Gharama kubwa ni ya kukijenga, na fedha hizo kwa kawaida hukopwa. Mkopo huanza kuzaa riba tangu siku ya kwanza, ilhali kinu hakianzi kuuza umeme mpaka siku ya mwisho ya ujenzi. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, deni lisilolipwa hujiongeza mara mbili kwa miaka 9. Ujenzi uliokusudiwa kuchukua miaka 5 ukachukua 10 haumchoshi mhandisi peke yake. Humla mlipakodi pia.

Huko Georgia, Marekani, vinu viwili viliongezwa katika kituo cha Vogtle. Zege la kwanza lilimwagwa mwaka 2013, na matumaini ya awali yalikuwa vianze kazi mwaka 2016 na 2017. Kimoja kilianza biashara Julai 2023 na kingine Aprili 2024, na gharama iliyokadiriwa mwanzoni kuwa dola bilioni 14 ilipita bilioni 30. Taifa lililokaa miongo mitatu bila kujenga lilikuta mafundi wake wa kuchomelea mabomba ya kinu wamestaafu, na viwanda vya vipuri vimefungwa.

Lakini isidhaniwe kuwa haiwezekani. Huko Barakah, Umoja wa Falme za Kiarabu, wajenzi kutoka Korea ya Kusini walianza mwaka 2012 kujenga vinu vinne vya muundo mmoja, kila kimoja cha megawati 1,400 hivi. Cha kwanza kiliunganishwa na gridi mwaka 2020 na cha nne mwaka 2024. Kilichosaidia hakikuwa uchawi: muundo ulikuwa umekwisha kujengwa Korea, na kundi la mafundi lilipomaliza kinu kimoja lilihamia kinachofuata likiwa na ujuzi mikononi. Ujuzi wa mikono hauhifadhiki kabatini. Hudumu kwa kutumiwa.

KUKIONGEZEA KINU MAISHA

Wakati mipango ya upanuzi ilipokuwa ikipanda na kushuka, Koeberg yenyewe ilikuwa ikizeeka. Vinu vyake vilikusudiwa kutumika kwa miaka 40. Mvua ya neutroni inayokipiga chombo cha chuma kinachobeba mafuta hukifanya chuma hicho kuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na mabomba ya mabwela hudhoofishwa na kutu. Chombo cha kinu hakibadilishiki, bali hupimwa kwa vipande vya chuma hichohicho vilivyowekwa ndani yake tangu mwanzo. Mabwela hubadilishika.

Kati ya mwaka 2023 na 2024, kinu baada ya kinu, mabwela yote sita yaliondolewa na mapya, yenye urefu wa mita 20 hivi kila moja, yakaingizwa. Kila kinu kilizimwa kwa karibu mwaka mzima, katika wakati ambapo nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya usimamizi wa nyuklia ilikirefushia kinu cha kwanza leseni hadi Julai 2044, na mwezi Novemba 2025 ikakirefushia cha pili hadi Novemba 2045.

Kwa hiyo upanuzi wa kwanza wa Koeberg uliofanikiwa haukuwa wa megawati. Ulikuwa wa miaka: miaka 20 kwa kila kinu.

MABAKI NA MAJIRANI

Iko hesabu moja ya miaka iliyo ndefu kuliko zote. Takataka zenye mionzi hafifu na ya kadiri, kama nguo za kazi na vichujio, hupelekwa Vaalputs, katika nyika kavu ya Northern Cape, zikafukiwa. Mafuta yaliyotumika ni jambo jingine. Hukaa hapohapo Koeberg, kwanza ndani ya mabwawa ya maji, kisha baadhi yake ndani ya makasha mazito makavu. Humo mna plutoni-239, ambayo huchukua miaka 24,000 kupungua hadi nusu.

Wakazi wa kaskazini ya Cape Town, ambao idadi yao imeongezeka sana tangu mwaka 1984, wana haki ya kuuliza maswali yao. Je, barabara zilizopo zingetosha kuwahamisha? Je, jua na upepo, ambavyo mitambo yake hujengwa kwa miaka miwili au mitatu na ambavyo umeme wake umekuwa rahisi sana, havingetosha? Wanaotetea nyuklia hujibu kwamba jua huzama, upepo hutulia, na makaa ya mawe yanaichafua hewa ambayo watu wanaivuta leo, si baada ya miaka 24,000. Hoja zote hizo zina uzito. Kosa ni kudhani kwamba mizani hiyo inaweza kuamuliwa na mhandisi peke yake, au na mwanasiasa peke yake. Hukumu ya mwaka 2017 ilisema hivyo kwa lugha ya sheria.

FUNZO KWA WALIO MBALI

Habari za Koeberg zinawahusu wasomaji wa Afrika ya Mashariki kwa sababu iliyo wazi. Kenya na Uganda zimetangaza nia ya kujenga vituo vya nyuklia. Huko Uyombo, pwani ya Kilifi, wananchi walijitokeza mwaka 2024 kuupinga mpango uliotajwa kwa ajili ya sehemu yao. Tanzania ina urani ardhini huko Mto Mkuju, mkoani Ruvuma. Kuwa na urani si kuwa na umeme, kama vile kuwa na pamba shambani si kuwa na shati mwilini.

Wazee wa Kiswahili wameacha methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika ujenzi wa kituo cha nyuklia zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Anayekurupuka hutiwa kizuizi na mahakama au na mwenye mkopo; anayesitasita huwakuta mafundi wake wamestaafu na vinu vyake vimezeeka. Njia iliyo kati ya methali hizo ni nyembamba, nayo hupitika kwa maandalizi ya muda mrefu: shule zinazofundisha fizikia vizuri, vyuo vinavyofunza uchomeleaji kwa ukamilifu, mamlaka ya usimamizi isiyoogopa kusema hapana, na wananchi wanaoelewa wanachoulizwa.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 2025 atakuwa na miaka 35 leseni ya kinu cha pili cha Koeberg itakapokwisha. Kama patakuwa na vinu vipya kando yake, yeye na rika lake ndio watakaokuwa zamu, ndio watakaolipa deni, na ndio watakaoyalinda makasha. Na kabla ya kufunga jenereta, mmoja wao atatakiwa kuhesabu boliti.

MASWALI YA DARASANI

1. Kinu kimoja hutoa megawati 970 jeneretani. Kikifanya kazi kwa asilimia 80 ya saa za mwaka, hutoa kilowati-saa ngapi kwa mwaka?

2. Eleza kwa nini maji ya mzunguko wa kwanza hayachemki ingawa halijoto yake inazidi nyuzi 300.

3. Mkopo wa randi bilioni 50 unazaa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Deni litakuwa kiasi gani baada ya miaka 9, na baada ya miaka 18, kama halikulipwa?

4. Jadilini: nani wanapaswa kuulizwa kabla kituo cha nyuklia hakijajengwa, na waulizwe nini?